Mpinzani wa ngazi ya Deity amepewa mtaji, hakupewa akili

Wiki hii kijana mmoja ninayemwelekeza katika Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola zamu kwa zamu ambao ngazi yake ngumu kuliko zote ni Deity, ameniuliza tena: "Kaka, kule Deity kompyuta inanivamia kabla hata ya zamu ya 30. Ina akili kupita kiasi. Si bora niwe naanza mchezo upya kila ikitangaza vita?" Swali hili nimekwisha kulijibu kwa mdomo, kwa ujumbe wa simu, na kwa kuchora pembesita, yaani vigae vya ramani ya mchezo, kwenye karatasi. Imani iliyo nyuma yake inawakatisha tamaa watu wenye uwezo mzuri wa kucheza, na kwa sababu hiyo leo nalijibu kwa maandishi.

Kompyuta ya Deity inafikiri kama ile ya Prince, ngazi ya kawaida. Kilichobadilika ni mtaji. Inaanza na walowezi 3, yaani waanzisha miji, wakati wewe una mmoja, inaanza na wapiganaji 5 wakati wewe una mmoja, uzalishaji na dhahabu yake vimeongezwa kwa asilimia 80, na kila kikosi chake kinapigana kikiwa na nguvu 4 zaidi ya kikosi chako cha aina hiyohiyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoifundisha mahali pa kusimama, wakati wa kurudi nyuma, wala kikosi cha kushambuliwa kwanza. Aliyerithi maduka matatu hakurithi pamoja nayo ujuzi wa kuuza, na ndivyo mpinzani huyu alivyo.

Tofauti hii inabadilisha kila uamuzi wako. Anayeamini kwamba anapambana na akili kubwa hujifungia mjini na kusubiri, au hufuta mchezo. Anayejua kwamba anapambana na tajiri asiye na mpango hutafuta mahali ambapo tajiri huyo atamwaga mali yake bure, na mahali hapo karibu kila ramani inapo.

Naomba nikae kwenye zile nguvu 4, kwa kuwa ndizo zinazozungumzwa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Vikosi viwili vyenye nguvu sawa vikigongana, kila kimoja hupoteza takribani 30 kati ya uhai wake wa 100, ikipanda au kushuka kidogo kwa bahati. Kila pointi moja ya tofauti husogeza hasara hiyo kwa kama asilimia 4, ikimwongezea aliye dhaifu na kumpunguzia mwenye nguvu. Chukua basi mpiganaji wako mwenye nguvu 20 akiwa uwandani dhidi ya mpiganaji wa Deity mwenye 24: wewe unapoteza kama 35, yeye anapoteza kama 26. Mara tatu hivyo, nawe umekwisha. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo wanaposema mchezo unadanganya.

Sasa mchukue mpiganaji yuleyule umpandishe kwenye kilima. Kilima kinampa 3. Kama kilima hicho kina msitu, unaongeza 3 nyingine. Mwache ajiimarishe zamu mbili bila kusogea, anapata 6. Kama kati yake na adui kuna mto, adui anayevuka akishambulia anakupa faida ya 5. Mpiganaji wako wa 20 sasa anajilinda kwa 37, na mshambuliaji wake bado ana 24. Kwa tofauti ya 13 wewe unapoteza kama 18 kwa kila shambulio, naye anapoteza kama 50. Zile 4 za Deity zimemezwa na ardhi na kujiimarisha zaidi ya mara nne. Ninachokihimiza, hata kama naonekana mkali, ni kwamba kabla ya kulalamikia ngazi ya ugumu mtu ahesabu kwanza vilima, misitu na mito iliyo ndani ya pembesita nne kutoka mji wake, tena afanye hivyo wakati anachagua mahali pa kujenga mji. Vita vikishatangazwa, muda wa kuchagua umekwisha.

Kompyuta haikwepi ardhi hiyo. Nimeiona mara nyingi ikipeleka vikosi mtoni kimojakimoja, kila kimoja kikifika peke yake, kwa sababu ilichokiona ni kikosi chako kilichosimama karibu. Vilevile kikosi cha miguu cha adui kinachopita kando ya mpiganaji wako hulazimika kusimama, kwa hiyo askari mmoja aliyewekwa vizuri huzuia njia pana kuliko pembesita anayokalia.

Kuna jambo la pili linalowaangusha hasa waliotoka Civilization V, ya mwaka 2010. Kule mji hurusha mishale tangu siku unapojengwa. Katika Civilization VI mji usio na ukuta haurushi hata jiwe moja. Naona watu wakimrudisha mpiganaji wao mjini wakitegemea mji umsaidie, kumbe wamemwondoa kilimani na kumweka mahali anapozungukwa pande zote.

Kazi ya kuua ni ya wapiga mishale. Jenga wapiga kombeo wawili mapema, mmoja amalize kikosi cha washenzi, yaani maadui wasio na dola, ili upate yureka (msukumo unaoharakisha utafiti) ya upigaji mishale, kisha uwe na dhahabu ya kuwageuza wapiga mishale mara moja. Ukiweka kadi ya sera ya Agoge, uzalishaji wa vikosi hivi unaongezeka kwa asilimia 50, na mpiga mishale wa gharama ya 60 anaugharimu mji kama 40. Mpiga mishale ana nguvu 25 akirusha kutoka pembesita mbili, lakini akishambuliwa kwa karibu ana 15 tu, kwa hiyo asiachwe mbele kamwe. Mishale yote iende kwa adui mmoja hadi afe. Kikosi kilichojeruhiwa hupungukiwa takribani pointi 1 ya nguvu kwa kila 10 za uhai zilizopotea, hivyo mshale wa tatu unauma kuliko wa kwanza. Mpiganaji wa Deity akiwa uwandani hufa kwa mishale mitatu. Akiwa msituni huhitaji minne. Kuwagawia maadui watatu mshale mmojammoja ni kuwapa wote nafasi ya kurudi kutibiwa.

Siasa nitaipitia haraka. Ukikutana na jirani, mpelekee ujumbe palepale kwa dhahabu 25 kabla hajaanza kukuchukia, na akikubali urafiki rasmi, mna zamu 30 ambazo hawezi kukutangazia vita. Basi.

Zipo sehemu ambazo mimi mwenyewe sina uhakika wa kutosha kumwapia mtu. Ukuta unagharimu 80, na mji mchanga unaweza kumaliza zamu nane au tisa ukiujenga huku adui akiwa njiani. Kwa kawaida nawatanguliza wapiga mishale. Lakini jirani akiwa Nubia, ambaye wapiga mishale wake wa Pitati wana nguvu 30 kabla ya nyongeza ya Deity, wangu wanazidiwa kwa kila kurushiana, na hapo nimewahi kuchagua ukuta na nikapona, nimewahi kuuchagua tena na nikachelewa. Na Gilgamesh wa Sumeri ana magari ya vita yenye nguvu 30 na mwendo wa 3, yasiyohitaji utafiti wowote. Akiamua kuja zamu za mwanzoni, nawe uko uwandani bila kilima, ninachokijua hakitoshi. Nimepoteza mji mkuu hivyo, na sioni zamu ambayo ningeicheza tofauti, isipokuwa ile ya kwanza ya kujenga mji pale.

Mchezo wangu wa mwisho jirani alikuwa Montezuma, kiongozi wa Waazteki. Yeye huchukia aliye na bidhaa za anasa ambazo hana, nami nilikuwa na mbili. Wapiganaji wake wa tai wana nguvu 28, na kwa Deity wanakuwa 32, bila kuhesabu kile anachoongezewa kwa kila bidhaa ya anasa aliyonayo. Tena wakiua kikosi chako, kinaweza kugeuka fundi wa kumjengea yeye, kwa hiyo kumpoteza askari mmoja ni hasara mara mbili. Alitangaza vita zamu ya 27 akiwa na vikosi sita. Nilikuwa na mpiganaji mmoja kwenye kilima chenye msitu nyuma ya mto, na wapiga mishale watatu nyuma yake. Wa kwanza aliposhambulia akivuka maji, alibaki na uhai wa kama 60. Mshale wa kwanza ukamfikisha 35, wa pili ukamwacha hoi, wa tatu ukammaliza. Zamu iliyofuata akaja mwingine kupitia pembesita ileile. Kufikia zamu ya 36 alikuwa amepoteza wanne, na mpiganaji wangu, aliyepandishwa daraja katikati ya vita na kurudishiwa uhai wa 50, alikuwa bado amesimama.

Amani haiwezekani kabla ya zamu 10 kupita tangu vita kutangazwa. Zamu ya 37 niliiomba, naye akakubali na kuniongezea dhahabu. Mji wake wa karibu ulikuwa umekwisha kupata ukuta, na ulikuwa umbali ambao, tangu kanuni ya utii wa raia, inayoweza kuufanya mji uliotekwa uasi, ilipoingizwa mwaka 2018, ungemgeukia tena hata kama ningeuteka. Dhahabu ile nikanunulia mlowezi, nikampeleka ng'ambo ya mto, kwenye kilima kingine chenye msitu.