Anayetaka kazi ya afya asisubiri matokeo ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu zetu sisi wa vyuo vya afya hazinyamazi. "Mwalimu, mwanangu ana C ya Baiolojia, anaweza kusoma unesi?" Tunauliza Kemia na Fizikia. "Hizo aliziacha alipoingia kidato cha tatu." Basi hapo hatuna la kumsaidia. Stashahada ya uuguzi na ukunga, ya utabibu na ya maabara zote zinadai ufaulu kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Famasi pekee hulegeza kidogo, Kemia na Baiolojia ndizo za lazima.

Ni D tunayoizungumzia, ambayo huanzia alama 30. Wengi walioikimbia Fizikia wangeipata wakiwa wamekaa. Kwa hiyo mtoto akisema anataka kazi ya hospitali, mzazi amuulize kuhusu masomo anayobaki nayo kidato cha pili kinapokwisha, asingoje cheti. D hiyo humpa sifa ya kuomba tu. Nafasi za vyuo vya serikali hugombewa, na mwenye B na C hutangulia.

"Fizikia ya nini kwa nesi?" wanafunzi huuliza, na swali ni la haki. Mgonjwa anapoambiwa presha yake ni 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki, na ni mada ileile ya mgandamizo waliyofundishwa darasani. Hisabati nayo haikwepeki. Chukua mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo: anahitaji miligramu 150. Chupa ya dawa ya maji imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Apewe mililita ngapi? Jibu ni 6.25. Ni hesabu ya uwiano ya kidato cha kwanza, lakini anayekosea nukta hapa hapotezi alama, anamdhuru mtoto. Tunapokea vijana wenye ufaulu mzuri wa Baiolojia ambao hesabu kama hii huwatoa jasho, kwa sababu walizoea kukariri.

Maabara ya shule ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Penye bureti chache (mirija ya kioo ya kupimia kimiminika), kundi la wanafunzi kumi huwa na fundi mmoja anayeshika vyombo. Wengine tisa wananakili namba zake. Aliyenakili hajui kwamba usomaji hubadilika ukitazama bureti kutoka juu badala ya kulinganisha jicho na usawa wa kimiminika. Hajawahi kuona tone moja la asidi likiifuta rangi ya waridi ghafla, akajua kwamba tone la ziada limeharibu kazi yote. Mkono huo ndio utakaovuta dawa kwenye sindano. Walimu wawapangie zamu, hata kama kipindi kitarefuka.

Kisha kuna suala la udaktari. Ukiwauliza wanafunzi hamsini wanaotaka kazi ya afya, karibu wote watasema daktari, na si kosa lao. Hiyo ndiyo kazi pekee waliyoisikia nyumbani. Lakini zahanati nyingi vijijini zinaongozwa na tabibu mwenye stashahada, akisaidiana na muuguzi mkunga. Wapo pia wataalamu wa maabara, mionzi, famasi, fiziotherapia (tiba ya viungo), optometria (upimaji wa macho na miwani), lishe, na mafundi wa vifaa tiba ambao wakikosekana mashine ya gharama hugeuka kabati.

Dawa ya kutojua ni kupelekwa wakaone. Shule iongee na mganga mfawidhi wa zahanati ya jirani, wanafunzi watano watano waende asubuhi ya kliniki ya mama na mtoto. Hawatamgusa mgonjwa wala kusoma kadi ya mtu, na watakachokisikia hakitoki nje. Wataona watoto wakipimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia huku wakilia. Wataona muuguzi akifungua jokofu la chanjo, akisoma kipimajoto na kuandika kwenye chati, asubuhi na jioni, kuhakikisha halijoto haitoki kati ya nyuzi 2 na 8. Kazi ya afya kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo, kuandika na kurudia bila kuchoka. Wapo watakaorudi wakisema haiwafai, nasi tunaihesabu ziara hiyo kuwa imefanikiwa.

Anayekwenda kidato cha tano akiutaka udaktari achukue PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia. CBG, yenye Kemia, Baiolojia na Jiografia, haimfikishi huko. Udaktari wenyewe ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Aliyeanzia stashahada ya utabibu, ya miaka mitatu, hajafungiwa: akimaliza na GPA (wastani wa ufaulu chuoni) isiyopungua 3.0, na masomo yake ya kidato cha nne yakikidhi, anaweza kuomba shahada hiyohiyo. Ajira siku hizi haimfuati mhitimu nyumbani, na mtoto aambiwe hivyo mapema.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza mwaka 2023/2024 kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada, ila kwa fani za kipaumbele. Upande wa afya zimo fani ambazo hazikimbiliwi, kama fiziotherapia na optometria. Mwongozo hutoka kila mwaka na hubadilika, usomwe wa mwaka husika. Kabla ya kulipa chochote, litafute jina la chuo kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada, au TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama ni shahada, uone pia kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa, maana kuna vyuo vilivyosajiliwa vinavyotangaza kozi ambazo havijaruhusiwa kuzifundisha. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo au kwa namba ya malipo, isitumwe kwenye simu ya mtu hata akijitambulisha kuwa ni ofisa udahili.