NAT si mlinzi wenu

Wiki hii nimeulizwa tena, na fundi mwenzangu kabisa: "Tukiwasha IPv6 kwenye Wi-Fi ya wageni, simu zao si zitabaki uchi?" Nimechoka kulijibu moja moja. Hofu yake ni kwamba kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, kila kifaa kina anwani yake, bila NAT, yaani ruta kuficha vifaa vingi nyuma ya anwani moja.

NAT tumeizoea kwa sababu ya uhaba. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ni bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya IANA, wasimamizi wa anwani duniani, iliisha Februari 2011. Kuwabana watu 300 nyuma ya anwani moja ni ukata, si ulinzi. Kinachomzuia wa nje ni lile jedwali la miunganisho: ruta inakumbuka nani wa ndani alianzisha mazungumzo, pakiti (kipande cha data) isiyo na mwenyewe inatupwa. Faiwoli ya IPv6 inafanya hivyohivyo, bila kubadili anwani ya mtu. (ICMPv6, yaani jumbe za mtandao za kuripoti hitilafu na mengineyo, msiizibe yote, tafadhali. Ujumbe wa "pakiti ni kubwa mno" usipopita, kurasa zinaganda katikati, kisha lawama anabeba IPv6.)

Tena kwenye Wi-Fi ya umma mbaya wako yuko meza ya pili, ndani ya NAT hiyohiyo. Hapo dawa ni kuwatenganisha wateja kwenye aksesi pointi, kifaa kinachorusha Wi-Fi.

Ila kinachonipandisha presha ni "sisi IPv6 tumeizima". Mmeizima kwenye ruta! Simu na laptopu zinayo, kila moja na anwani yake ya fe80 (ya mtandao wa hapo hapo tu, inayojipa yenyewe), zinasubiri tangazo la ruta yoyote itakayojitokeza kusema njia ya kutokea ni hii. Niliwahi kuitwa kwenye mtandao "mbovu". Nikafungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti, kumbe matangazo yanatoka kwenye laptopu ya mgeni aliyewasha kugawa intaneti bila kujua. Majirani zake walikuwa wanampelekea pakiti zao. RA Guard, kinga ya swichi au aksesi pointi inayozuia matangazo ya ruta yasiyoruhusiwa, ingemkata pale pale, lakini nani anaiwasha kwenye mtandao ambao eti hauna IPv6?

Kuna mahali nami nayumba. Android haipokei anwani mojamoja kwa DHCPv6 (seva ya kugawa anwani), kwa hiyo unabaki na SLAAC (kifaa kujitungia anwani chenyewe), na simu moja inajipa anwani kadhaa na kuzibadilisha. Akija mtu kuuliza nani alitumia anwani fulani jana saa nane, jibu liko kwenye jedwali la majirani la ruta, orodha ya anwani ipi ni ya kifaa kipi, kama ulilihifadhi. Kumpa kila mteja /64 yake (fungu zima la anwani) kungemaliza ubishi, ila vifaa vingi ninavyokabidhiwa haviwezi. Mimi nalikusanya jedwali hilo kila dakika 5, kwa skripti niliyoiandika usiku mmoja nikiwa na usingizi, na najua kuna anwani zinazoniponyoka hapo katikati.