Babu, Babuu na somo yake

Natafsiri vitabu vya watoto, na kila nikikutana na mzee wa hadithi nasimama kidogo. Kiingereza kina "grandfather" la heshima na "grandpa" la nyumbani. La kwetu la nyumbani ni babu. La heshima? Babu vilevile. Kwenye kikao cha mirathi atatajwa babu mzaa baba, na mtoto anayekimbilia mlangoni atapiga kelele, "Babu kaja!"

Mapenzi yanakaa kwenye namna ya kulitamka. Ukivuta irabu, babuu, hapo unaita na kudeka. Tanzania hukosi mtaa wenye kijana aitwaye Babuu, mara nyingi kwa kuwa amerithi jina la babu yake, na wawili hao huitana somo. Halafu kuna utani. Babu anamwita mjukuu wa kike "mke wangu", naye binti anajibu hamtaki mume asiye na meno. Huo ndio ukaribu wenyewe, na nikipata nafasi ya kuuingiza kwenye tafsiri siiachi.

Mhariri mmoja aliwahi kunijazia ukurasa mzima "babu yangu mpendwa". Mtoto wa miaka 6 hasemi hivyo! Anasema, "Babu, hebu nione," huku kesha mpanda mapajani. Niliyafuta yote.

Angalieni pia sarufi yake: babu yangu amefika, babu zangu wamefika. Mababu nawaachia wahenga waliotangulia. Babu wawili walioketi barazani siwaiti hivyo.

Kwa Wakikuyu ni guka, na Nairobi utalisikia katikati ya Kiswahili: "Guka amelala." Hadithi ikiwa ya huko, naliacha lilivyo. Vijana wa Bongo nao huambiana "acha hizo, babu" hata kama wote wana miaka 20, na kitu kikiwapendeza sana ni bab kubwa.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipofunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo. Uchungaji ulikuwa cheo chake, lakini aliyepanga foleni usiku kucha alisema tu, "Naenda kwa Babu."