Dhana potofu kuhusu msimu wa Wagosi wa Kaya

Katika baraza moja la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, si mbali na Barabara ya 11 iliko klabu ya Coastal Union, ndio Wagosi wa Kaya wenyewe, kuna mzee ambaye kila msimu hununua daftari jipya. Huchora msimamo wa ligi kwa rula, huandika timu zote 16 kwa penseli, na kila matokeo yanapotoka hufuta kwa raba na kuandika upya. Ukifika mwezi wa nne, karatasi huwa imekaribia kutoboka katikati ya ukurasa, mahali ambapo timu yetu hupanda na kushuka, ilhali sehemu ya juu hubaki safi kwa sababu majina ya huko ni yale yale. Mengi ninayoyasahihisha hapa nimeyasikia kando ya daftari hilo, na machache, nakiri, nimewahi kuyasema mwenyewe.

Dhana iliyozoeleka kuliko zote ni kwamba msimu wetu hupimwa kwa mechi za Simba na Yanga. Ukweli ni kwamba timu hizo mbili tunakutana nazo mara nne tu kwa msimu, yaani pointi 12, na mechi 26 zinazobaki zina pointi 78. Simba na Yanga kwetu ni waja leo waondoka leo: wanajaza uwanja wa Mkwakwani, mapato ya mlangoni yanapendeza, kisha wanarudi Dar es Salaam kugombea ubingwa ambao sisi hatumo. Mpinzani wetu halisi ni yule aliye mstari mmoja juu yetu au chini yetu. Tukimfunga, tunapata pointi tatu naye hapati kitu. Tukifungwa, mambo hugeuka, kwa hiyo tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni pointi sita. Ajabu ni kwamba mechi ya namna hiyo, hasa ikiangukia siku ya kazi, ndiyo ambayo jukwaa huwa na watu wa kuhesabika.

Dhana ya pili imewatia watu uchungu mkubwa zaidi. Tarehe 2 Julai 2022, jijini Arusha, Coastal ilicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Abdul Suleiman, maarufu kama Sopu, alifunga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha 3-3, na Yanga ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Kwa kuwa Yanga ilikuwa pia bingwa wa ligi na tayari ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wengi hapa mtaani waliamini kwamba nafasi ya bingwa wa kombe ingerithiwa na mshindi wa pili, yaani sisi, na wapo ambao mpaka leo wanasema tulidhulumiwa. Hatukudhulumiwa. Bingwa wa kombe anapokuwa ameshapata nafasi kubwa zaidi kupitia ligi, nafasi yake hairithiwi na aliyefungwa fainali, bali hurudi kwenye msimamo wa ligi na kumwangukia anayefuata. Ndiyo maana msimu uliofuata waliokwenda Kombe la Shirikisho Afrika walikuwa Azam na Geita Gold, aliyemaliza wa nne. Nadhani majina yenyewe yanachangia mkanganyiko huu, kwani kombe la ndani huitwa la Shirikisho na la Afrika nalo huitwa la Shirikisho, na mtu anayesikiliza redio huku anakunywa kahawa hawezi kulaumiwa sana akiyachanganya.

Kanuni hiyo hiyo iliyotunyima mwaka 2022 ilitupa miaka miwili baadaye. Msimu wa 2023/24 Yanga ilitwaa ligi na kombe kwa pamoja, Azam ikashika nafasi ya pili, Simba ya tatu, nasi tukamaliza wa nne chini ya kocha David Ouma kutoka Kenya, tukapata tiketi ya Afrika bila kufika fainali yoyote. Sijamsikia mtu yeyote wa Tanga akilalamika juu ya kanuni mwaka huo.

Wapo wanaosema nafasi ile ya nne ilikuwa bahati. Bahati haikai mechi 15. Kipa wetu Ley Matampi alimaliza mechi 15 za ligi bila kuruhusu bao, nusu nzima ya msimu, akachukua tuzo ya kipa bora. Bila shaka Afrika hatukufika mbali: Bravos do Maquis ya Angola ilitufunga 3-0 kwao, na marudiano yakaisha bila bao. Hata hivyo, kutolewa mapema hakufuti kazi ya mechi 30.

Kuhusu Mkwakwani, kwa wanaodhani ni wetu na kwamba Waangola tulirudiana nao hapo, niseme kwa ufupi tu kwamba uwanja si mali ya Coastal, bali ni wa Chama Cha Mapinduzi, na marudiano hayo dhidi ya Waangola yalichezwa Chamazi, Dar es Salaam.

Imebaki habari ya msimu wa 2015/16, ambao Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zote za Tanga, zilishuka daraja kwa pamoja. Inasemwa kwamba ndugu hao watatu wangebebana, wasingezama. Hesabu inakataa. Zilikutana zenyewe kwa zenyewe katika mechi sita, na pointi yoyote iliyopatikana humo ilitoka mfukoni mwa timu nyingine ya Tanga. Tena kwa sare za kindugu, mechi moja hutoa pointi mbili badala ya tatu. Wokovu ulikuwa katika mechi 26 ambazo kila moja ilicheza na timu za mikoa mingine, na huko ndiko zilikozama. Coastal ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/19.

Mzee bado analo daftari la msimu ule. Mistari mitatu ya mwisho, yote ya Tanga, haina alama ya raba. Aliiandika kwa kalamu ya wino.