Simu ya intaneti ikikwaruza, pima kwanza ndipo uongeze kasi

Simu ikianza kukatika, wengi hukimbilia kifurushi chenye kasi zaidi. Mara nyingi hizo ni pesa zinazopotea bure. Simu moja inayotumia G.711, kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya simu nyingi za mezani maofisini, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Laini ya megabiti 2 inabeba kadhaa bila shida. Kinachoharibu sauti ni jinsi pakiti, yaani vipande vya data, zinavyofika.

Sauti hukatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, kwa hiyo pakiti 50 hutoka kila sekunde. Ukurasa wa tovuti ukipoteza pakiti, huiomba tena na msomaji hajui. Mazungumzo hayasubiri: kipande kikichelewa mno hutupwa, nawe unasikia pengo au sauti ya roboti. Ndiyo maana mafundi hutaka upotevu usizidi asilimia 1, na kuyumba kwa muda wa kufika, yaani jita, kusizidi milisekunde 30. Kwa safari ya upande mmoja, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri isipite milisekunde 150. Ikipita sana, watu huanza kuongea kwa pamoja, wote hunyamaza, kisha huanza tena kwa pamoja. Setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu haziwezi kukwepa hali hiyo. Mwendo wa kupanda na kushuka tu unachukua karibu milisekunde 250.

Kupima si kazi kubwa. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 100 192.168.1.1 (weka anwani ya ruta yako), halafu rudia kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje ya mtandao wako. Fanya hivyo saa ile ile simu zinapokatika. Kipimo cha alfajiri mtandao ukiwa mtupu hakikwambii kitu.

Pakiti zikipotea kabla hata ya kuvuka ruta, usimlaumu mtoa huduma. Chomeka kebo, upime tena. Zikitulia, mkosaji ni Wi-Fi: hamia masafa ya 5 GHz, au ukibaki kwenye 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaisongamanisha.

Ruta ikijibu vizuri lakini majibu ya nje yanaruka, milisekunde 38, 41, 390, 45, 420, hapo kuna foleni. Mara nyingi iko upande wa kupakia, ambao ndio mwembamba: simu ya mtu inahifadhi video mtandaoni, au kamera za ulinzi zinatuma picha. Washa QoS, mpangilio wa vipaumbele kwenye ruta, upe sauti kipaumbele (alama yake ya DSCP, inayotambulisha pakiti za sauti, ni 46), kisha wekea upakiaji kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi ya kupakia unayoipata kwenye tovuti ya kupima kasi. Wengi huruka hatua hii ya kikomo, ilhali ndiyo yenye kazi. Bila kikomo foleni hujipanga ndani ya modemu au kwa mtoa huduma, ambako kipaumbele chako hakijulikani.

Mwangwi una kanuni yake: anayesikia sauti yake ikirudi si mwenye kosa. Spika ya mwenzake inaingia kwenye maiki. Mwambie apunguze sauti au avae hedifoni.

Na pale unapomsikia mwenzako yeye asikusikie, kasi haihusiki kabisa. Zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachogusa ujumbe wa kuunganisha simu. Iliwekwa kusaidia, lakini nyingi huharibu anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu. Kisha hakikisha ukuta wa moto (firewall) unapitisha milango (port) ya UDP inayobeba sauti, si 5060, wa kuunganisha simu, peke yake. Simu kuita lakini sauti isipite ni dalili ya hilo. Asterisk, programu ya kuendesha simu za intaneti, kwa mfano, kwa kawaida hutumia milango 10000 hadi 20000 kwa sauti.

Kebo imetulia, kikomo kimewekwa, bado pakiti za nje zinapotea? Hifadhi majibu ya ping ya siku tatu pamoja na saa zake, ya ruta na ya nje, umpelekee mtoa huduma. Ya ruta yakiwa safi, hana sababu ya kukwambia uzime na kuwasha.