Si kila maambukizi ya pili ni "nyemelezi"

Mtu kaugua homa ya mafua, ikafuatia nimonia, na anayetuhabarisha anaiita "ugonjwa nyemelezi". Nimelisikia mara nyingi mno, leo acha niseme.

Maambukizi ya ziada ni pale mgonjwa mwenye virusi vya njia ya hewa anapoingiwa na kimelea kingine, mara nyingi bakteria. Vikiingia kwa wakati mmoja, ni maambukizi ya pamoja; kikifuata baadaye, ni maambukizi ya pili. Basi.

Sasa hilo nyemelezi. Linatokana na kunyemelea, yaani kujongea kwa kunyata kama paka anavyomwendea panya. Tulilizoea kupitia elimu ya UKIMWI, na huko lilikaa mahali pake: vimelea ambavyo mwenye kinga imara huvimudu bila hata kujua, vinasubiri kinga iporomoke. Bakteria wa nimonia baada ya mafua hahitaji kinga iliyoporomoka mwili mzima. Virusi vimeshachubua utando wa njia ya hewa na kuharibu vijinywele vinavyosukuma makohozi nje, naye, ambaye pengine alikuwa puani siku zote, anashuka mapafuni. Utaniambia huyo naye kavizia. Sawa, lakini humwangusha hata kijana asiyejua hospitali. Wengi waliokufa kwa mafua ya 1918 walimalizwa na nimonia ya bakteria, na vijana walikuwa tele.

Mnyemeleaji wa kweli ni yule fangasi mweusi wa India mwaka 2021, aliyewapata hasa wagonjwa wa UVIKO-19 wenye kisukari au waliopewa dawa za steroidi, mambo yanayodhoofisha kinga.

Kuchanganya huku hakukuanza na sisi. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, mtafiti wa bakteria wa Ujerumani, alikuta bakteria kwenye makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua, akatangaza kwamba ndiye chanzo. Kumbe alimkamata mdandiaji! Virusi vyenyewe vilipatikana kwa binadamu mwaka 1933, lakini bakteria yule bado anaitwa Haemophilus influenzae, jina la ugonjwa asiousababisha.

Kwa hiyo mgonjwa akianza kupata nafuu, kisha homa ikarudi kwa kishindo na kifua kikabana, awahi kwa daktari, na wewe unayesimulia useme "huenda ni maambukizi ya pili". Wala usiseme mafua "yamegeuka" nimonia. Virusi havigeuki bakteria.