Apu umezima zote, mbona kishikwambi bado kimejaa?

Watu wengi kishikwambi kikiandika nafasi haitoshi wanakimbilia kwenye apu, tena wanaanza na zile ambazo hata hawajui zimetoka wapi, zile zilizokuja nacho toka dukani. Unabonyeza ikoni kwa muda, unatafuta neno la kuondoa hulioni, kuna kuzima tu, basi unazima hiyo, unazima na ya pili, unazima kumi na kitu hivi, ukirudi kuangalia nafasi unakuta imeongezeka kiduchu au haijasogea kabisa. Halafu lawama zinahamia kwa muuzaji kwamba kauza feki. Mara nyingi sio feki, ni kwamba kuzima apu na kuiondoa ni vitu viwili tofauti, na ile nafasi unayoitafuta wala haiko huko unakochimba.

Tuanze na namba ya kwenye boksi. Boksi linasema GB 32, kiwanda kinahesabu GB moja kama baiti bilioni moja kamili, ukihesabu kwa mtindo wa kompyuta wa 1,024 mara 1,024 mara 1,024 hizo 32 zinageuka 29.8 hivi, ila hiyo tofauti ndogo tu wala usigombane na mtu. Kikubwa ni kwamba hiyo memori imegawanywa vipande. Kipande kimoja ni cha mfumo, yaani Android yenyewe pamoja na apu za kiwandani, na hicho kimefungwa, kishikwambi kinakisoma tu, wewe mtumiaji huandiki kitu humo wala hufuti. Kipande kingine ndio chako, humo zinakaa apu unazoshusha mwenyewe, picha, video, meseji, kila kitu. Kwenye kishikwambi cha GB 32 mfumo unaweza kula GB 10 na zaidi, kwahiyo ulichonunua kihalisia ni kama 20 hivi. Ni kama nyumba ya kupanga, chumba usichokitumia unaweza ukakifunga mlango na ufunguo ukaficha, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba, huwezi kuubomoa ukasema sasa sebule imekuwa kubwa.

Sasa ukizima apu ya mfumo kinachotokea ni kwamba haiwaki tena, inapotea kwenye menyu, haili bando kimyakimya, haili chaji, haikusumbui na notifikesheni. Hizo ni faida za kweli na mimi nashauri uzime, hasa zile za habari na magemu ya majaribio ambazo viwanda vinapenda kubandika humo. Ila faili lake la asili linabaki palepale kwenye kile kipande kilichofungwa.

Kuna kitu kimoja hapa watu hawakijui. Apu ya mfumo ikipata apdeti kutoka Play Store, toleo jipya haliwezi kuandikwa kwenye kipande kilichofungwa, kwahiyo linawekwa kwenye kipande chako wewe, na lile la zamani la kiwandani linabaki kule ndani limelala. Yaani unakuwa na kopi mbili za apu ileile. Ukienda kuizima, Android inakuuliza kama irudishe toleo la kiwandani na ifute data, ukikubali ndio lile jipya linafutika na hapo unapata MB 100, 200, au zaidi kutegemea na apu. Kama hiyo apu haijawahi kupata apdeti na hujawahi kuifungua, ukiizima unapata karibu na sifuri. Ndio maana mtu anazima apu kumi na tano anapata MB 300, mwingine anazima mbili anapata MB 600.

Na kwanini zinakuja zimebandikwa? Biashara bana. Kiwanda kinachotaka Play Store kwenye vifaa vyake kinaingia mkataba na Google, na mkataba unakuja na orodha ya apu za kuwekwa. Umoja wa Ulaya uliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018 na moja ya sababu ilikuwa hiyohiyo ya kulazimisha Chrome na apu ya kutafutia ziende pamoja na Play Store, mahakama ikaja kuipunguza kidogo 2022. Hapo bado kiwanda hakijaongeza za kwake na kampuni ya simu hazijaongeza zake.

Wajanja watakwambia chomeka kwenye kompyuta utumie ADB, programu ya kukiamrisha kifaa cha Android kutoka kwenye kompyuta, unaandika amri apu inaondoka hata kama setingi zinakataa. Ni kweli inaondoka, ila inaondoka kwa akaunti yako tu, faili bado liko kwenye kipande cha mfumo, ukifanya riseti ya kiwandani, yaani kukirudisha kilivyotoka dukani, inarudi inakusalimia. Kwahiyo kama shida yako ni nafasi, ADB nayo haikusaidii zaidi ya kuzima. Na ukiwa hujui unachofanya unaweza ukaondoa apu inayoendesha skrini ya mwanzo au huduma za Google Play, ukabaki na kioo cheusi au apu nusu hazifunguki.

Haya, apu ulizoshusha mwenyewe hizo zinaondoka kabisa, hakuna mjadala. Lakini kabla hujaziondoa ingia setingi, fungua apu, chagua apu mojamoja halafu angalia sehemu ya hifadhi, utaona mistari mitatu na hapo ndipo siri yote ilipo. Mstari wa kwanza ni ukubwa wa apu yenyewe. Wa pili ni data, yaani akaunti yako, setingi zako, meseji, vitu ulivyohifadhi ndani ya apu vikiwemo video ulizoshusha za kuangalia bila intaneti. Wa tatu ni kache, vitu vya muda ambavyo apu imevitunza ili isivishushe tena, mfano picha za kurasa ulizokwisha kupita. Ukifuta kache hupotezi kitu, labda siku hiyo apu ivute bando kidogo kurudisha zile picha. Ukifuta data ni kama apu ndio unaishusha leo, unaanza kulogi ini upya na vilivyokuwa humo ndani tu vimekwenda. Vitufe viko jirani kabisa kwahiyo soma kabla ya kubonyeza.

Chukua Telegram kama mfano maana wengi wanashushia muvi huko. Apu yenyewe ni MB mia na kitu, mtu anaiangalia anasema hii ndogo, kumbe muvi nne za GB 1 kila moja zimelala kwenye kache yake, na ukibonyeza kuhifadhi kwenye galari au kwenye folda ya vilivyoshushwa inatengenezwa kopi nyingine, sasa muvi moja inakula mara mbili. Ndani ya Telegram nenda setingi, sehemu ya data na hifadhi, utaona kila chati imekula kiasi gani na kuna pa kuchagua vitu vikae muda gani kabla ya kujifuta, mfano wiki moja. Ukifuta hapo haijafutika kwenye chaneli, ukiitaka tena unaishusha, ila utalipia bando.

WhatsApp ndio balaa lenyewe. Sio apu, ni magrupu. Kamati ya harusi ilishaisha tangu mwaka jana, bi harusi ana mtoto sasa, lakini video zote za send-off ziko kwako, pamoja na ile moja iliyotumwa na watu watano tofauti. Fungua setingi za WhatsApp, hifadhi na data, kisha dhibiti hifadhi, inakuonyesha vitu vilivyozidi MB 5, vilivyosambazwa mara nyingi, na chini yake chati moja moja kuanzia inayokula zaidi. Anzia hapo juu usianzie kwenye galari, kwenye galari utafuta picha 200 za KB 90 ukachoka bure. Palepale kwenye hifadhi na data zima ile ya kushusha video yenyewe. Halafu kuna folda inaitwa Databases ndani ya folda ya WhatsApp, humo WhatsApp inatunza nakala za meseji za siku za karibuni, hadi siku saba, kama meseji zako ni nyingi kila faili linaweza kuwa zito, acha la mwisho, ya zamani unaweza kuyafuta.

Na ukishafuta picha kwenye galari usitegemee nafasi irudi palepale. Galari nyingi sasa hivi zina kapu la taka linalotunza kwa siku 30, ipad nayo hivohivo, kwahiyo ingia humo umwage kabisa.

Kitu kingine, kile kitendo cha kuvuta apu zilizofunguliwa na kuzirusha juu hakihusiani kabisa na nafasi. Ile ni RAM, memori ya kazi, hii tunayoongelea ni ya kutunzia. Apu za kusafisha na kuongeza spidi nazo zinachanganya hivi viwili makusudi, zinakuonyesha duara jekundu asilimia 87, unabonyeza linakuwa kijani unafurahi, kumbe imefuta kache ambayo Android ingeifuta yenyewe nafasi ikibana, na yenyewe imekaa humo inakula nafasi na kukumwagia matangazo. Zitoe.

Memori kadi inasaidia kwa picha, muziki na video. Kwa apu inategemea, tangu Android 6 ya 2015 unaweza kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, ila sio kila kiwanda kinaruhusu, na ukishafanya hivo kadi inafungwa kwa kishikwambi hicho tu, ukiichomoa apu zilizokuwa humo hazifunguki, na kadi ikiwa ya polepole kishikwambi kizima kinakuwa kizito. Kuwa makini na kadi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 512, kuna nyingine ndani ni ndogo mno, zinapokea mafaili vizuri tu mpaka zijae kihalisia, halafu ya mwisho yanakuwa hayafunguki.

Kati ya kuzima na kuondoa kuna njia ya tatu ambayo mimi ndio naipenda zaidi. Apple waliileta 2017 kwenye iOS 11, mfumo wa iphone na ipad, Google Play nao wakaileta 2023, apu inatolewa lakini data yako inabaki, ikoni inakaa palepale, ukiigusa inajishusha tena na unaendelea ulipoishia. Inafaa kwa apu kubwa yenye data ndogo, mfano ya kukatia tiketi za ndege unayoitumia mara moja kwa mwaka. Kwa apu yenye data kubwa haisaidii kitu maana mzigo wenyewe ndio umebaki.

Mwisho kuna apu ambazo hata kuzima zinakataa ingawa hazikuja na mfumo. Mara nyingi zimepewa ruhusa ya usimamizi wa kifaa, nenda setingi za usalama, tafuta apu za usimamizi wa kifaa, iondolee ruhusa ndipo uiondoe, virusi vingine vinajificha kwa njia hiyohiyo. Ila kama kishikwambi ni cha kazini, au ni cha mkopo na hujamaliza marejesho, hiyo apu imewekwa makusudi, malizana kwanza na waliokupa. Na kama umeamua kufanya riseti ya kiwandani, kwanza toa nakala ya vitu vyako, halafu hakikisha unaikumbuka akaunti ya Google iliyomo na paswedi yake, kwasababu kuanzia Android 5.1 mtu akiriseti kwa vitufe vya pembeni kikiwaka kinaulizia akaunti ileile, na kama ulikinunua mkononi kwa mtu basi mtafute aitoe akaunti yake kwenye setingi kabla hujagusa chochote.